Wissa au Mbeumo: nani achukuliwe kwanza?

Tuseme vijana 8 wa Bel-Air, hapa komini ya Kampemba, wamekaa Agosti 2025 kucheza Fantasy ya Ligi Kuu ya Uingereza kwa mtindo wa kuchagua kwa zamu: mchezaji akishachukuliwa na mmoja, wengine wamemkosa. Lubumbashi nzima inajua jina litakalotajwa kwanza. Yoane Wissa ni Leopard wetu, na msimu uliopita aliifungia Brentford mabao 19. Mwenzake wa wakati huo pale Brentford, Mkameruni Bryan Mbeumo, alifunga 20. Moyo umeshachagua; tuone hesabu.

Njia nyepesi kuliko zote ya kukadiria mabao ya msimu unaokuja inatoka kwenye besiboli ya Marekani. Mchambuzi wa takwimu za mchezo huo, Tom Tango, aliiita Marcel, jina la kima wa kwenye tamthilia ya Friends, akimaanisha kwamba hata kima angeiweza. Chukua misimu mitatu: wa karibuni uzidishe kwa 5, wa kabla yake kwa 4, wa nyuma zaidi kwa 3, jumlisha, gawa kwa 12. Wissa alifunga 19, 12 na 7, jumla ya 164 baada ya kuzidisha. Mbeumo alifunga 20, 9 na 9, jumla 163. Mabao 13.7 kwa 13.6! Tofauti ambayo mtu angeibishania usiku kucha imeyeyuka.

Bado Marcel anataka kila mchezaji avutwe kuelekea wastani wa wenzake, kwa sababu msimu mzuri daima una bahati ndani yake. Kwa mechi, Wissa anatoka na bao 0.39. Nikimchanganyia mechi 100 za mshambuliaji wa kawaida wa bao 0.3 (kipimo hicho nimejichagulia, wewe chagua chako), anashuka hadi 0.37. Kwa mechi 33 hayo ni mabao 12, si 19. Umri haumpunguzii kitu: Septemba 2025 alikuwa anatimiza miaka 29, na kwa Tango 29 ndio umri usioongezwa wala kupunguzwa.

Sasa pointi. Fantasy ilimwandika Wissa mshambuliaji, bao lake pointi 4. Mbeumo ilimwandika kiungo, bao lake 5, tena anapata 1 timu yake isipofungwa. Mabao yaleyale, pointi za Mbeumo zaidi. Wengi huishia hapa na kumweka Mbeumo juu.

Wanakosea, angalau kwenye meza ya watu 8. Kila mmoja lazima awe na washambuliaji 3, yaani 24 wanaondoka. Ligi ina klabu 20, na nyingi huanza na mshambuliaji mmoja tu. Basi wa 25, yule utakayemwokota baada ya wote kuchagua, ni mtu wa benchi anayeingia dakika ya 80. Viungo wanaondoka 40, lakini klabu moja inaanzisha watatu wanne, kwa hiyo wa 41 bado anacheza kila wiki. Thamani ya Wissa inapimwa dhidi ya yule wa benchi, na pengo hilo linaweza kula faida yote ya Mbeumo. Mkiwa wanne tu, wanaondoka washambuliaji 12, wa 13 bado anaanza, na Mbeumo anarudi juu. Orodha moja haifai meza mbili, na ndiyo maana sijali sana orodha za kunakili.

Kilichobaki ni dakika, na hapa ndipo hesabu ilipochapwa. Agosti hiyo Wissa hakuichezea Brentford akisubiri kuondoka. Septemba 1 akaenda Newcastle. Septemba 9, Kinshasa, aliifungia Kongo dhidi ya Senegal, mechi ikaisha 3-2 kwa wageni, naye akaumia goti. Mechi yake ya kwanza ya ligi kwa Newcastle ilikuja Desemba. Goti hakuna aliyeweza kulitabiri. Mgogoro wa uhamisho ulikuwa wazi siku ya kuchagua, na Kombe la Afrika la Morocco, kuanzia Desemba 21, lilikuwa kwenye kalenda, likiwasubiri Wissa na Mbeumo wote wawili. Ukimpa Wissa mechi 25 badala ya 33, mabao 12 yanakuwa 9.

Kwa meza ya watu 8 ningemchukua Wissa raundi ya tatu, si mapema zaidi. Na wewe, kabla ya zamu yako kufika, andika idadi ya mechi pembeni ya kila jina, hata la Leopard.