Mchoro wa Ala za Sauti na Mtoto wa Bute

Katika vitabu vingi vya sarufi ya Kiswahili vilivyoandikiwa shule, somo la sauti hufunguliwa kwa mchoro mmoja: kichwa cha mtu kilichopasuliwa wima, kimegeuzwa upande, na mishale ya kuonyesha midomo, meno, ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, kilimi, ulimi, koromeo na nyuzi za sauti. Mwanafunzi hutakiwa ayakariri majina hayo, kisha akariri jedwali la konsonanti. Mchoro wenyewe hausemi uongo. Kasoro yake ni kwamba humchukulia mtoto kana kwamba kinywa chake hakikuwa na kazi mpaka siku alipoufungua ukurasa ule.

Kasoro hiyo hudhihirika somo hili linapotazamwa kutoka Bute, kaskazini mwa Wajir, karibu na mpaka wa Ethiopia, ambako Kisomali na Kiborana ndizo lugha za nyumbani. Kisomali hakina /p/, /v/ wala /z/ miongoni mwa sauti zake za asili, na Kiborana huzipata hasa katika maneno ya mkopo. Kwa hiyo si ajabu mtoto akatamka "bata" huku akikusudia "pata", au "faa" badala ya "vaa", au "saa" badala ya "zaa". Aghalabu husahihishwa kwa kuambiwa afunge midomo vizuri. Lakini midomo yake imekwisha kufungwa vizuri. Isingefungwa, /b/ isingetoka. Tofauti iko kooni. Katika "bata" nyuzi za sauti zinatetema, na ili aipate /p/ yafaa azinyamazishe. Katika "faa" na "saa" mambo ni kinyume: meno, mdomo na ulimi viko mahali pake, na kilichokosekana ni mtetemo tu. Makosa matatu yaonekanayo kuwa mbalimbali yana chanzo kimoja, nacho ndicho kilichowekwa chini kabisa ya mchoro, kama nyongeza. Mtoto akiweka kiganja kooni, akavuta /f/ ndefu na kuigeuza /v/ pasipo kuondoa meno mdomoni, atajifunza kwa muda mfupi jambo ambalo mishale kumi haikumfunza. (Mfano upendwao wa "papa" na "baba" nao una udhia wake: huyo papa ni samaki wa bahari ambayo watoto wengi wa huko hawajapata kuiona.)

La kusikitisha zaidi ni yale ambayo mtoto huyu anayajua wala hakuulizwa. Sehemu ya koo iliyo juu ya nyuzi za sauti haina kazi yoyote katika jedwali la Kiswahili sanifu, na vitabu huipita kimya. Kisomali kina konsonanti mbili za hapo, ambazo hati ya Kilatini iliyotangazwa Somalia mwaka 1972 huziandika kwa "c" na "x". Mtoto aitwaye Cali nyumbani huandikwa Ali shuleni, na Xasan huwa Hassan. Sauti ya kwanza ya jina la yule wa kwanza hupotelea katika daftari la mahudhurio. Tena, wengi wa watoto hao hupita chuoni kujifunza Kurani, na huko hufundishwa makharija ya herufi, yaani mahali pa kutokea kila sauti. Elimu hiyo ni kongwe. Al-Khalil bin Ahmad, katika karne ya 8, aliipanga kamusi yake kuanzia sauti za kooni hadi za midomoni, akaanza na ile ile iliyo mwanzoni mwa jina la Cali. Ibn al-Jazari, aliyefariki mwaka 1429, alihesabu makharija 17. Mwalimu wa Kiswahili asemaye kwamba fonetiki ni somo geni kwa wanafunzi wake hajauliza walikuwa wapi jana jioni.

Kuna na jambo la tatu, nalo laugusa usahihi wa jedwali lenyewe. Huandikwa kwamba /b/ na /d/ ni vipasuo ghuna, basi. Lakini Tucker na Ashton walikwisha kueleza mwaka 1942 kwamba katika matamshi ya wenyeji sauti hizi huvutwa ndani: koromeo hushuka kidogo kabla ya pumzi kuachiwa. Ndivyo ilivyo katika "dada", wala sivyo katika "ndama", kwa kuwa nazali huuzuia mvuto huo. Sasa, Kiborana kina sauti ya namna hiyo hiyo, ile iandikwayo "dh". Yamkini mtoto wa Bute asemapo "dada" kwa "dh" yake ya nyumbani huwa karibu zaidi na mtu wa Lamu kuliko mwalimu wake aliyeifuata herufi ya kitabuni, na hapo ndipo hukosolewa mbele ya wenzake.