Sadfa, Kicheko na Njia ya Kurudi: Kutoka Mchezo wa Anga hadi Mlima Kenya

Uhakiki wa fasihi umezoea kuihesabu sadfa kuwa dosari ya msuko. Mtunzi anayetegemea bahati huambiwa kwamba ameshindwa kuyajenga matukio yake juu ya misingi ya sababu na matokeo. Hata hivyo, upo usimulizi ambao sadfa ndiyo uti wa mgongo wake. Mfano mmoja ni mchezo wa kompyuta wa Master of Orion, uliotolewa mwaka 1993. Mchezaji huongoza taifa la angani: hutuma vyombo kuchunguza nyota, huanzisha makoloni na kupanga utafiti wa miaka mingi. Ghafla kompyuta huzua jambo asilolipanga mtu: kimondo hulielekea koloni, nyota hukaribia kulipuka, au virusi hufuta matunda ya utafiti. Maafa hayo hutangazwa na msoma habari wa anga kana kwamba ni taarifa ya jioni kuhusu bei ya maziwa. Kicheko huzaliwa katika pengo lililopo baina ya mpango mkubwa na tukio lisilojali mipango.

Pengo hilo halikuvumbuliwa na kompyuta. Miaka 50 kabla ya mchezo huo, lilijitokeza mjini Nanyuki. Januari 1943, Felice Benuzzi, mfungwa wa vita kutoka Italia, alitoroka kambi ya Waingereza pamoja na Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, si kwa nia ya kuutafuta uhuru, bali kuukwea Mlima Kenya. Maandalizi yao yalikuwa ya mchezaji makini: chakula kiliwekwa akiba kidogo kidogo, vyuma chakavu vikageuzwa zana za kukwelea barafu, na picha ya mlima iliyokuwa kwenye mkebe wa nyama ikawa mwongozo wa njia. Sadfa haikuwahurumia. Barsotti aliugua, kilele cha Batian kikawashinda wenzake, nao wakaishia Lenana, mita 4,985, walikosimika bendera ya Italia. Kisha wote watatu wakarudi kambini kwa hiari yao. Adhabu ya siku 28 za kufungiwa peke yao ilipunguzwa hadi siku 7, kwa kuwa mkuu wa kambi aliuthamini ujasiri wao. Kitabu cha Benuzzi, *Fuga sul Kenya* (1947), kinaisimulia safari hiyo kwa kejeli inayomlenga zaidi msimulizi mwenyewe.

Kicheko cha matini hizi mbili kina sharti moja ambalo ni rahisi kulisahau: kuwepo kwa njia ya kurudi. Mchezaji aliyepoteza koloni huurudia mchezo alioukwisha kuuhifadhi. Benuzzi naye, pamoja na njaa na hatari ya kweli iliyomkabili, alikuwa na lango la kambi lililomngoja.

Uzito wa sharti hilo hudhihirika pale Benuzzi anaposomwa sambamba na *"Mau Mau" General* (1967) cha Waruhiu Itote, mzaliwa wa Nyeri aliyejulikana kama Jenerali China, kiongozi wa wapiganaji wa Mlima Kenya. Mlima ni uleule, na baridi ni ileile. Lakini kwa wapiganaji hao mlima haukuwa sayari ngeni ya kusimikwa bendera; ulikuwa Kirinyaga, na vijiji vilivyokuwa chini yake vilikuwa kwao. Januari 1954 Itote alijeruhiwa na kukamatwa, akahukumiwa kifo kabla ya adhabu hiyo kubadilishwa. Katika mazingira kama hayo, risasi moja iliyopata shabaha haikuwa tukio la kuchekesha, wala hapakuwa na mkuu wa kambi wa kuusifu ujasiri wa mfungwa.

Kusema hivi si kudai kwamba msituni hapakuwa na kicheko, wala si kumlaumu Benuzzi kwa kucheka. Ni kudai kwamba uhakiki wa sadfa usiishie katika kuuliza iwapo tukio linasadikika. Ajali haina kinga, wahenga walisema, lakini gharama ya ajali haigawanywi sawa. Swali la msingi ni nani anayeilipa, na iwapo baada ya kuilipa anaruhusiwa kuanza upya. Pale jibu linapokuwa kwamba haruhusiwi, tukio lilelile lililokuwa kichekesho hugeuka kuwa tanzia, hata kama hakuna neno lililobadilishwa katika usimulizi wake.