Notre-Dame: paa liliachwa liungue, minara ikabaki

Juu ya matao ya mawe ya kanisa kuu la Notre-Dame de Paris palikuwa na kitu ambacho waumini na watalii waliosimama chini hawakukiona: kiunzi cha paa cha mbao za mwaloni, chenye urefu wa takriban mita 100, kilichosongamana boriti hadi Wafaransa wakakiita Msitu. Sehemu kubwa ya mbao hizo ilikatwa katika karne ya 12 na ya 13. Zilikuwa zimekauka kwa mamia ya miaka chini ya mabamba ya risasi, na ndani yake hapakuwa na ukuta wa kuukatiza moto wala mfumo wa kunyunyizia maji. Jioni ya Jumatatu, tarehe 15 Aprili 2019, Msitu huo wote uliteketea. Kuta, minara miwili ya mbele, sehemu kubwa ya matao na madirisha makubwa ya mviringo yenye vioo vya rangi vilibaki, na hakuna mtu aliyekufa. Kilichopotea na kilichobaki vilitenganishwa na uamuzi mmoja wa makamanda wa zimamoto: kuuachia moto sehemu moja ya jengo ili kuunyima iliyobaki.

Moto ulianza ukiwa na faida ya nusu saa. King'ora cha kwanza kililia mnamo saa 12:20 jioni, lakini mfumo wa tahadhari ulimwarifu mlinzi wa kanisa tu. Kikosi cha zimamoto kilikuwa hakiitwi hadi mtu ahakikishe kwa macho. Ujumbe ulieleweka vibaya, mlinzi akapelekwa kwenye dari ya sakristia, jengo dogo la pembeni, na hakukuta kitu. Kosa lilipogunduliwa na mamia ya ngazi kupandwa hadi kwenye dari yenyewe, moto ulikuwa umeshakuwa mkubwa. Zimamoto waliitwa saa 12:51. Magari ya kwanza yalifika ndani ya dakika 10, mwendo wa kusifiwa kwa jiji lolote, ila moto wa mbao kavu zilizo wazi hauhitaji nusu saa kupita uwezo wa mipira miwili au mitatu ya maji.

Waliofika ni wanajeshi. Brigedi ya Zimamoto ya Paris ni sehemu ya jeshi la nchi kavu la Ufaransa, na mizizi yake iko kwenye janga la Julai 1810, pale ukumbi wa dansi wa balozi wa Austria ulipowaka huku Napoleon mwenyewe akiwa mgeni. Mwaka uliofuata aliwaondoa wazimamoto wa kiraia na kuunda batalioni. Askari wake wengi ni vijana walio chini ya miaka 30, hulala kituoni wakiwa zamu, na siku yao ya kazi ina jaribio moja lenye sifa: ubao uliofungwa mita 2.40 kutoka chini. Kila askari, akiwa amevaa mavazi ya kazi, huudaka kwa mikono, hujivuta na kupanda juu yake bila msaada. Anayeshindwa haruhusiwi kwenda kwenye moto. Sababu ni ya kazi: sakafu ikivunjika chini ya miguu, aliyening'inia ukingoni lazima aweze kujitoa mwenyewe. Jioni ile zoezi hilo, ambalo mtazamaji angeliona la sarakasi, lilikuwa na maana yake kamili.

Vikosi vya kwanza vilipanda kwa ngazi nyembamba za mzunguko, vikiwa na mitungi ya hewa mgongoni na mipira begani. Hapo ndipo tatizo la maji lilipojitokeza. Maji yakipandishwa, kila mita 10 za kwenda juu hula msukumo wa takriban bari 1. Matao ya Notre-Dame yako mita 33 juu ya sakafu, kwa hiyo zaidi ya bari 3 hupotea kabla ya tone la kwanza kutoka, mbali na msuguano ndani ya mpira. Ndiyo maana majengo ya aina hii huwekewa bomba kavu, yaani bomba la chuma lililosimikwa ukutani, ambalo hukaa tupu hadi gari la zimamoto liunganishwe chini na kusukuma maji juu. Askari hubeba mpira mfupi tu na kuuchomeka huko juu. Mpango ni mzuri bomba likiwa zima. La Notre-Dame lilikuwa likivuja, na maji yaliyofika darini hayakutosha kwa moto wa ukubwa ule.

Muda mfupi kabla ya saa 2 usiku, makamanda waliwaondoa askari darini. Haukupita muda, mnara mwembamba wa katikati, uliojengwa katika karne ya 19 na Eugène Viollet-le-Duc, ukaanguka. Ulikuwa na takriban tani 500 za mbao na 250 za risasi, na ulitoboa matao ulipokuwa ukishuka. Kuondoka mapema ni sehemu ya taaluma isiyopigiwa makofi, na watazamaji ng'ambo ya mto huenda waliiona kama kushindwa. Wangebaki dakika chache zaidi, hesabu ya usiku ule ingeanza na majina ya marehemu.

Jenerali Jean-Claude Gallet, mkuu wa brigedi wakati huo, na naibu wake Jean-Marie Gontier walibaki na swali moja: maji yaliyopo yaelekezwe wapi? Utaratibu unaofundishwa kwa kila askari wa zimamoto Ufaransa huanza na upelelezi, ukafuata uokoaji, utandazaji wa mipira, shambulio, ulinzi wa sehemu zisizoungua, uondoaji wa vifusi, na mwishoni kesha. Usiku ule ulinzi ulipewa nafasi ya shambulio. Paa lilikuwa limekwisha. Kila lita iliyomwagwa humo ilikuwa inanunua majivu. Hatari ya kweli ilikuwa upande wa magharibi, ambako upepo ulikuwa ukisukuma miali kuelekea mnara wa kaskazini.

Mnara huo ni wa mawe, lakini ndani yake kengele nane zinabebwa na kiunzi kikubwa cha mbao, na hilo ndilo jambo la kuelewa katika mkasa huu wote. Kiunzi kikiwaka, kengele huanguka. Kengele zikianguka zinavunja sakafu na kuupiga ukuta kwa ndani. Mnara wa kaskazini ukianguka unamvuta mwenzake wa kusini, wenye kengele kubwa Emmanuel ya takriban tani 13, na pamoja nao uso wote wa kanisa. Kufikia muda huo miali ilikuwa imeshaingia ndani ya mnara. Gallet alimweleza Rais Emmanuel Macron, aliyekuwa amefika eneo la tukio, kwamba njia iliyobaki ni kutuma watu ndani, na kwamba huenda wasirudi. Rais alikubali.

Wazo lililofanya kazi lilitoka kwa sajini Rémi Lemaire, ambaye alikuwa ameshapanda mnara wa kusini mapema na kuzijua ngazi zake. Waliache bomba linalovuja, alishauri. Wapandishe mipira miwili kwa ngazi za kusini, iliyounganishwa moja kwa moja na gari la zimamoto chini, kisha wavuke juu hadi kaskazini. Ni kazi ya kuchosha, kwa sababu mpira uliojaa maji ni mzito na haupindi vizuri kwenye ngazi ya mzunguko, lakini msukumo unafika wote. Waliovuka walijikinga kwa ukuta, wakaingia mnarani na kuupiga moto ghorofa kwa ghorofa huku sehemu za sakafu zikiwa zimedhoofika. Mnamo saa 3:45 usiku moto wa mnarani ulikuwa umedhibitiwa. Laurent Nuñez, naibu waziri wa mambo ya ndani wakati huo, alisema kesho yake kwamba askari wapatao 20 waliingia minarani kwa kuhatarisha maisha, na kwamba hatima ya jengo iliamuliwa katika muda wa dakika 15 hadi 30.

Kwa nje, mbinu ilikuwa ya kujizuia. Maji yalivutwa kutoka mto Seine, unaopita hatua chache kutoka kanisani, na magari ya ngazi yakanyunyiza kutoka pande zote. Lakini jiwe la chokaa lililopashwa moto hupasuka likipigwa ghafla na maji baridi, na vioo vya karne ya 13 hupasuka upesi zaidi. Nozeli zikaepushwa na madirisha. Pia kila mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima juu ya matao yaliyokwisha kupigwa. Donald Trump, rais wa Marekani wakati huo, alipendekeza mtandaoni kwamba ndege za kumwaga maji zitumwe. Idara ya ulinzi wa raia ya Ufaransa ilijibu kwamba uzito huo ungeweza kuliangusha jengo zima. Ndege ya aina ya Canadair humwaga takriban tani 6 kwa pigo moja. Maji yanayoangukia msitu wa miti hayawezi kulinganishwa na yanayoangukia tao lenye ufa.

Chini, katika ukumbi mkuu, askari na watumishi wa kanisa walipanga mnyororo wa mikono na kutoa hazina kwa mujibu wa orodha ya vipaumbele iliyokuwa imeandaliwa kabla. Taji la Miba liliokolewa, na kasisi wa brigedi, Jean-Marc Fournier, aliitoa Ekaristi. Baadaye, kwa hofu ya matao kudondoka, watu waliondolewa ukumbini na nafasi yao ikachukuliwa na Colossus, roboti ya kilo 500 inayotembea kwa minyororo na kuburuta mpira wake. Droni zilionyesha mahali joto lilipokuwa likihamia.

Zaidi ya askari 400 walihusika. Moto ulitangazwa kuzimika kabisa asubuhi ya tarehe 16, mnamo saa 4. Askari mmoja wa zimamoto na polisi wawili walijeruhiwa kidogo. Saa zilizotangulia tangazo hilo zilikuwa za kesha: kutafuta makaa chini ya vifusi vya risasi iliyoyeyuka na kuchunga kuta zisisogee.

Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024. Paa jipya limejengwa kwa mwaloni na risasi kama la kale, jambo ambalo wataalamu wengi wa moto wasingelichagua. Tofauti iko ndani: dari sasa imegawanywa kwa viunzi vinavyozuia moto pale mnara wa katikati unapokutana na mabawa ya jengo, na mfumo wa ukungu wa maji umefungwa katikati ya boriti.