Suri moja, mashini mbili: mkono unapita, ishara zinabakia

Wenzangu, mezani kwangu Katuba kuko mashini mbili: ya mezani inachora ramani za udongo, laptopu iko na majedwali ya mavuno. Suri (kipanya) ni moja tu, klavie moja. Kwa hiyo niliweka programu ya bure inayogawa suri kwa mashini mbili kupitia Wi-Fi ya nyumba. Unasukuma mshale mpaka ukingo wa skrini, unatokea kwa ya pili. Haikuli megabaiti hata moja. Kwa hiyo naisifu kweli.

Wazo si jipya. Synergy ilitoka 2001. Ikazaa Barrier, na Barrier ikazaa Input Leap. Mouse Without Borders ya Microsoft ilitoka 2011. Zote zinaahidi kwamba mashini mbili zitakuwa kama moja. Pale ndipo nabisha.

Miye nimezoea ishara za suri: unashika kifungo cha kulia, unachora mstari, jedwali linageuka. Siku moja nilichora hivyo kwenye laptopu, na jedwali la mahindi ya Kipushi halikugeuka. Menyu ikafunguka. Kidole changu, kimezoea kwenda mbio, kikabonyeza "futa mistari". Sikuona. Kesho yake wastani wa mavuno ukakataa kulingana na daftari la shamba. Ningeituma ile ripoti, mkulima angepewa ushauri wa uongo.

Juu ya nini? Programu ya kugawa haitumi ishara. Inatuma vitu vidogo: sogea, bonyeza, achia, zungusha. Programu ya ishara, kwenye mashini yenye suri, inaweza kukamata kifungo cha kulia mbele, ikingoja mchoro. Isipouona, inaachia kliki ya kawaida, na laptopu inafungua menyu. Kuweka programu ya ishara kwenye laptopu nako hakutoshi: Windows inatia alama kila kliki iliyotengenezwa na programu, na programu zingine za ishara zinazikataa.

Si kosa la upande mmoja. Kosa ni kuahidi mashini moja bila kusema nini hakipiti.

Miye nimezima ishara kwenye mashini yenye suri. Kugeuza jedwali natumia Ctrl na PageDown: klavie inapita bila shida. Na ninyi, kabla ya kutuma namba, mulinganishe na daftari.