Hesabu ya Mlango wa Bandari

Boti ndogo za matembezi zinazopita Ziwa Michigan, Marekani, hukwama mara kwa mara Ludington, mji wa bandari katika mwambao wa mashariki. Ziwa likichafuka, manahodha hufunga kamba gatini na kutazama bendera: zikipepea kwa nguvu wanabaki, zikilegea wanajiandaa kuondoka. Desturi hiyo inaeleweka, lakini inapima mahali pasipohusika. Upepo wa gatini unaeleza hali ya pale chombo kilipo salama. Anachotakiwa nahodha kukijua ni maji yatakavyokuwa kwenye mlango wa bandari ya mbele, saa ile atakapoufikia. Hapo ndipo uamuzi wa kungoja unapopaswa kuanzia, na ushahidi uko katika ziwa lenyewe.

Ziwa Michigan lina urefu wa kilomita 494 na upana unaofika kilomita 190. Wimbi hukua kwa mambo matatu: nguvu ya upepo, muda uliovuma, na umbali wa maji wazi uliopita. Kwa hiyo upepo wa mashariki, hata ukiwa mkali, huyaacha maji ya karibu na Ludington yakiwa tulivu kwa sababu ndiyo kwanza umetoka nchi kavu. Upepo wa nguvu ileile ukitoka magharibi umevuka ziwa zima, na ukitoka kaskazini umeambaa na urefu wake. Tena wimbi la ziwa ni fupi. Katika maji ya kina, urefu wa wimbi kutoka kilele hadi kilele, kwa mita, ni takriban 1.56 mara kipindi chake kwa sekunde, kipindi hicho kikizidishwa kwa chenyewe. Wimbi la sekunde 4 lina mita 25 tu. Wimbi la bahari kuu la sekunde 12 lina zaidi ya mita 220. Yote mawili yakiwa na kimo cha mita moja na nusu, la baharini huinua chombo polepole na kukishusha, ilhali la ziwani husimama kama ukuta, na kabla omo haijainuka sawasawa wimbi jingine limeshafika. Anayesoma kimo peke yake katika utabiri amesoma nusu ya habari.

Hata kimo hicho kinahitaji kusomwa kwa makini. Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani hutoa tahadhari kwa vyombo vidogo katika Maziwa Makuu pale upepo unapofika takriban kilomita 40 hadi 60 kwa saa, au mawimbi yanapofika futi 4. Lakini kimo kinachotangazwa ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi, na wimbi mojamoja laweza kukaribia mara mbili ya hapo. Maboya ya vipimo yaliyo katikati ya ziwa, namba 45007 kusini na 45002 kaskazini, huonyesha kama mawimbi yanakua au yanafifia, na mwelekeo huo una thamani kuliko namba ya saa moja. Faida ya ziwa ni kwamba mawimbi yake hufa upesi: upepo ukitulia jioni, mara nyingi asubuhi njia inapitika. Hatari iko pale upepo unapogeuka kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-magharibi. Katikati ya mgeuko bendera zinaweza kulegea kwa muda, wakati huko nje ziwani mawimbi ya zamani hayajafa na mapya yameanza kuyakata ubavuni. Mwenye kufuata bendera hung'oka saa hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye mlango wenyewe. Bandari nyingi za mwambao huu ni midomo ya mito: ziwa dogo nyuma ya vilima vya mchanga, na mfereji ulionyooshwa kati ya kuta mbili hadi Ziwa Michigan. Pentwater, kusini ya Ludington, iko hivyo. Wimbi la magharibi linapofika pale hukuta kina kinapungua, likainuka. Maji ya mto yanayotoka hulisukuma kwa mbele, likazidi kuwa fupi na kali. Kisha hugonga kuta na kurudi, likakutana na linalokuja. Nahodha anayeingia wimbi likimsukuma tezini anahitaji kwenda kwa kasi ili usukani uendelee kushika, na papo hapo anahitaji nafasi ya kupunguza kasi. Ludington ina afadhali, kwa kuwa mikono miwili ya kuzuia mawimbi inakumbatia maji mapana mbele ya mfereji, na chombo kikishapita kinapata pa kutulia. Lakini hata hapo pana mpaka. Tarehe 11 Novemba 1940, baada ya asubuhi yenye joto lisilo la msimu, tufani iliangamiza meli tatu za mizigo karibu na Pentwater: William B. Davock, Anna C. Minch na Novadoc. Siku hiyohiyo City of Flint 32, meli ya kuvusha mabehewa ya reli yenye urefu wa zaidi ya mita 100, ilishindwa kuingia Ludington, bandari iliyokuwa ikiitumia kila mara, ikakwama karibu na ufuko. Ikiwa meli kama hiyo ilikosa mlango, boti ya mita 10 haina cha kutegemea isipokuwa kuchagua saa.

Kuna watakaosema heri kutoka ukachungulie, na ukiona pabaya urudi. Hoja hii inasahau kwamba kurudi ni kuingia mlangoni na mawimbi nyuma, kazi ambayo ni ngumu kuliko kutoka. Anayekwenda kaskazini kutoka Ludington hukutana pia na rasi ya Big Sable, ambako ufuko ni mchanga mtupu usio na pa kujificha. Wengine watataja uzoefu. Naukubali kabisa, ila uzoefu wenye manufaa ni ule unaojua mlango fulani unavyofanya katika upepo fulani, na huo unaitia nguvu hesabu hii.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kungoja kunawezekana kwa mwenye nafasi. Ni kweli, lakini Michigan haikuwaachia watu subira peke yake. Tangu 1947 tume ya serikali ya jimbo imejenga mtandao wa bandari kwa lengo kwamba boti isiwe zaidi ya maili 15 za mwambao kutoka mahali salama. Kungoja kulijengewa gati. Pingamizi hilohilo lina uzito zaidi katika Ziwa Victoria, Afrika Mashariki: nchi kavu ikipoa usiku, hewa hutiririka kutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa, ikapanda na kuzaa radi, saa zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wako nje na taa zao. Mialo mingi ni fukwe wazi. Mradi wa HIGHWAY, ulioanza 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulisaidia kutoa utabiri kwa ajili ya wavuvi na wasafiri wa ziwa hilo. Utabiri wa namna hiyo unapaswa kusomwa kwa sauti pale mwaloni kabla jua halijazama, utaje upepo utageuka upande gani na saa ngapi, na pamoja nao kila mwalo uwe na orodha ya ghuba na visiwa vya karibu ambavyo mtumbwi unaweza kukimbilia katika upepo huo.