Jengo Kongwe, Mwalimu wa Muda

Wanafunzi wengi wanaoandika juu ya sanaa za pwani huanza na milango ya nakshi. Kwetu tunaoandikia Nakivale, mlango si swali. Swali ni kama shule ya sanaa na kazi za mikono inahitaji jengo la kale ili iishi.

Mfano unaosifiwa sana uko Mji Mkongwe wa Zanzibar. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, kilianzishwa mwaka 2002, na kwa miaka mingi kilifundishia Mizingani, katika jengo la forodha la zamani lililokarabatiwa. Palipopita bidhaa za majahazi, vijana wakajifunza udi, kanuni, fidla na ngoma. Taarab na kidumbaki vikawa masomo yenye ratiba. Wanaokisifu hutaja roshani, bahari na upepo. Nadhani wanasifu kisichostahili. Upepo haumfundishi mtu kupiga kanuni. Kilichokuwa na thamani ni chumba ambamo mtoto wa yeyote, hata wa kike, angeweza kuingia na kumkuta mwalimu, bila kuzaliwa katika ukoo wa wapigaji.

Mwaka 2019 udhaifu wa mpango huo ulionekana. Fedha za wafadhili zilipopungua chuo kilikaribia kufungwa, kwa kuwa wanafunzi wengi hawakumudu ada. Kuta zilisimama, mishahara ndiyo iliyotetereka. Ni rahisi kumpata mtu wa kulipia paa, maana paa hupigwa picha na kuwekwa kibao cha shukrani. Mshahara wa mwalimu wa fidla hauwekewi kibao.

Naileta hoja hii Mbarara kwa sababu pale Kamukuzi lipo kasri la Omugabe, lililoachwa kuchakaa baada ya ufalme wa Ankole kufutwa mwaka 1967. Nimewasikia wenzangu wakisema likarabatiwe, liwe shule ya ufundi wa jadi. Wazo zuri. Lakini kabla ya kuulizia chokaa na mabati, tuulize ni nani atakayemlipa msusi wa vikapu katika mwaka wa tatu, wageni wa ufunguzi wakishasahau njia.

Hata hivyo siwezi kulidharau jengo kabisa, na Nakivale ndiyo iliyonizuia. Makazi yetu yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni makongwe kuliko wazazi wa wengi wetu, lakini karibu kila kitu ndani yake kimejengwa kama cha muda. Mafunzo hufanyika barazani kwa fundi. Fundi akihama, darasa limekwisha. Kumbe jengo la Mizingani liliwapa Wazanzibari kitu ambacho sikukiona nilipoanza kuandika: anwani. Mwalimu anabadilika, mwanafunzi bado anajua pa kwenda.

Jirani yetu, mama mmoja kutoka Kivu, alikuwa akiwafundisha wasichana watatu kusuka vikapu kwa nyuzi za mgomba. Mwaka jana safari yake ya Marekani ilitoka, akaondoka ndani ya wiki mbili. Wasichana walikuwa wamefika kwenye mbavu. Namna ya kufunga ukingo alikuwa hajawaonyesha. Vikapu vile vitatu bado vipo nyumbani kwao, nyuzi zikining'inia juu.