Kichaa Mmoja Hatoshi

Muulize mtu wa rika la baba yangu kwa nini Uganda iliivamia Tanzania mwaka 1978. Atakujibu bila kupepesa macho: Amin alikuwa kichaa. Basi, mazungumzo yameisha. Nimeanza kuliogopa jibu hilo, maana linatuachia kazi moja tu: kuomba tusipate kichaa mwingine.

Kenneth Waltz, katika kitabu chake Man, the State and War cha 1959, aliyapanga majibu kwa ngazi tatu: binadamu, dola, na dunia isiyo na mkubwa wa kuamua ugomvi wa mataifa. Kichaa ni ngazi ya kwanza. Ya pili inatufikisha mbele kidogo: jeshi la Amin lilikuwa limeanza kuasi, na kuvuka mpaka kulimpatia adui wa nje. Sawa, lakini Nyerere je? Wanajeshi wake hawakukomea mpakani. Aprili 1979 walikuwa Kampala. Ngazi ya tatu? OAU ilitaka kusuluhisha, haikutaka kumlaani mvamizi. Ila Waltz mwenyewe anakubali kwamba ngazi hii inaeleza kwa nini vita vinawezekana, si kwa nini vinazuka.

James Fearon, katika makala yake ya 1995, anauliza swali tamu zaidi: kama vita ni hasara kwa wote, mbona wasipatane mapema? Jibu lake moja ni kwamba ahadi haina mdhamini. Hapo Kagera inaeleweka. Baada ya wapiganaji wa Obote kuishambulia Uganda kutoka Tanzania mwaka 1972, nchi hizo mbili zilitia saini mapatano Mogadishu. Miaka sita baadaye, Amin akatangaza kuwa Kagera ni yake. Aliposema anaondoka, nani angemwamini?

Hata hivyo, Fearon naye ananikera. Anagusia kwamba anayeamua vita huenda si yeye anayevilipia, kisha anaiweka hoja hiyo kando. Kwangu hiyo ndiyo hoja yenyewe. Wanakijiji wa Kagera walioporwa ng'ombe na kuuawa hawakuulizwa na yeyote kama gharama inafaa.

Nadharia nzuri ya vita ingeanza na hao. Kichaa mmoja hapigani peke yake. Lazima awe na watu wa kumlipia.